Kipa aliyengoja miaka 13: Safari ya Prince Albert, Cleveland na Toronto

Ukijaliwa kufika Toronto, jiji kubwa kuliko yote nchini Kanada, ulizia barabara iitwayo Carlton. Hapo utaona jengo kubwa la matofali ya rangi ya manjano iliyofifia, na ndani yake mna duka la kujihudumia kama haya tunayonunulia unga, sukari na sabuni. Ingia. Usiangalie bei kwanza. Tembea kati ya rafu huku ukiinamisha macho, na baada ya muda utakuta doa jekundu limechorwa sakafuni. Wateja wengi hulipitia na vigari vyao bila habari. Wengine husimama, wakaliangalia, wakapiga picha.

Doa hilo, msomaji, ndilo linaloonyesha mahali palipokuwa katikati ya uwanja. Jengo hilo liliitwa Maple Leaf Gardens. Lilifunguliwa mwaka 1931, na hadi mwaka 1999 ndimo timu ya Toronto Maple Leafs ilimochezea mpira wa magongo wa barafuni, mchezo ambao Wakanada wanauenzi kama sisi tunavyoienzi riadha na kabumbu kwa pamoja. Baada ya timu kuhamia uwanja mpya, jengo lilikaa kimya kwa miaka kadhaa. Mwaka 2011 ghorofa ya chini ikafunguliwa kuwa duka, na ya juu ikawa uwanja wa michezo wa chuo kikuu.

Leo nakualika tufunge safari tufuate nyayo za mtu mmoja aliyesimama langoni katika jengo hilo. Jina lake Johnny Bower. Mashabiki wa Toronto wanamkumbuka kwa makombe manne. Lakini mimi sikukuiti uyatazame makombe hayo. Nataka tutazame miaka iliyoyatangulia. Bower alipojiunga na Toronto mwaka 1958 alikuwa na umri wa miaka 33. Alikuwa ameshalinda lango kwa malipo tangu mwaka 1945, na ukiondoa msimu mmoja tu wa kudumu huko juu, muda wote huo alikuwa katika ligi za daraja la pili, akizunguka miji ambayo wengi wetu hatujawahi kuisikia.

Miaka 13 ni mingi. Mtoto aliyezaliwa Bower alipoanza kazi angekuwa amemaliza shule ya msingi kabla kipa huyo hajapata nafasi ya kudumu.

Mchezo wenyewe

Kabla hatujaondoka, heri nikueleze mchezo huu kwa ufupi, maana si wa kwetu.

Kila timu huwa na wachezaji sita uwanjani, kipa akiwemo. Uwanja ni sakafu ya barafu yenye urefu wa mita 61 hivi na upana wa mita 26. Wachezaji huvaa viatu vyenye kisu cha chuma chini ya soli, na kwa hivyo viatu huteleza kwa kasi kubwa. Hakuna mpira wa duara. Kuna kisahani cheusi cha mpira mgumu kiitwacho paki, chenye uzito wa gramu 170 hivi, na hugandishwa kabla ya mechi ili kisidundedunde. Mshambulizi hodari hukipiga kwa gongo lake kikaenda kwa kasi inayopita kilomita 150 kwa saa.

Sasa fikiria yule aliyesimama mbele ya lango. Lango lenyewe ni dogo, upana wake haufiki mita mbili. Kipa huvaa pedi nene miguuni, glavu mkononi, na hushika gongo pana. Siku hizi huvaa pia kinyago cha kukinga uso. Lakini Bower alipoanza kazi hakukuwa na kinyago. Kipa wa Montreal, Jacques Plante, ndiye aliyevifanya vinyago kuwa vya kawaida, baada ya kupigwa na paki usoni mjini New York mwezi Novemba mwaka 1959 na kukataa kurudi langoni bila kujikinga. Bower mwenyewe alikaa uso wazi karibu maisha yake yote ya mchezo. Meno yalimtoka na nyuzi za daktari zikamwachia alama, na bado kesho yake alirudi kazini.

Mji wa baridi

Safari yetu inaanzia magharibi, katika jimbo la Saskatchewan. Ukitoka mji wa Saskatoon na kuelekea kaskazini kwa gari, utapita mashamba ya ngano yasiyo na mwisho, tambarare kama uso wa meza, na baada ya kilomita 140 hivi utafika mji wa Prince Albert ukingoni mwa mto Saskatchewan ya Kaskazini. Kusini yake ni mashamba, kaskazini yake ni msitu na maziwa. Kilomita tisini hivi mbele yake kuna mbuga ya taifa iliyotengwa mwaka 1927, na ndani yake ziwa Waskesiu. Mji huu ulimpeleka bungeni John Diefenbaker, aliyekuwa waziri mkuu wa Kanada kati ya mwaka 1957 na 1963.

Wewe unayelalamikia baridi ya Limuru mwezi wa Julai, hapa huna la kusema. Usiku wa Januari mjini Prince Albert kipimajoto huweza kushuka nyuzi 20 na zaidi chini ya sufuri. Mto huganda. Madimbwi huganda. Watoto hawahitaji uwanja, kwani uwanja huletwa na majira kila mwaka bila malipo.

Hapo ndipo alipozaliwa Bower tarehe 8 Novemba 1924. Jina lake la kuzaliwa ni John Kiszkan, na ukoo wake ulitoka Ukraine, kama wahamiaji wengi waliofika kulima tambarare zile. Alikuwa mvulana pekee nyumbani, dada zake wakiwa wanane. Ukubwani alibadilisha jina, na inasemekana alitaka kuwarahisishia kazi waandishi wa michezo walioshindwa kulitamka.

Nyumba yao ilikuwa ya kimaskini, na miaka ile ya thelathini ilikuwa ya dhiki kuu huko tambarare. Baba alimchongea gongo kutoka kwenye tawi la mti. Pedi za miguuni zilikatwa kutoka godoro kuukuu. Mzazi uliyewahi kumwona mwanao akifunga matambara na kamba za katani kuwa mpira, unaelewa ninalosema. Mtoto wa maskini akipenda mchezo hangoji duka lifunguliwe.

Vita Vikuu vya Pili vilipozuka, Bower aliongeza umri wake ili aandikwe jeshini akiwa bado kijana mdogo. Alivushwa bahari akafika Uingereza. Mwaka 1944 aliachishwa jeshi kwa sababu ya ugonjwa wa baridi yabisi uliokuwa umemshika mikononi. Hebu lifikirie hilo kwa makini. Kijana ambaye riziki yake ingetegemea viganja vya mikono alirudi nyumbani na viganja vyenye maumivu. Tena hakuwa na macho ya mbali. Ungemshauri nini kama angekuwa mwanao?

Yeye alirudi langoni. Alicheza msimu mmoja na vijana wa mji wake, na mwaka 1945 akapanda treni kwenda Marekani.

Cleveland na watu wake

Kituo chetu cha pili ni Cleveland, katika jimbo la Ohio, kusini mwa ziwa Erie. Miaka ile Cleveland ulikuwa mji wa chuma na moshi. Meli zilileta mawe ya chuma kutoka maziwa ya juu, matanuri yakawaka usiku na mchana, na wafanyakazi wa viwandani walipotoka zamu walitaka burudani. Kwenye barabara ya Euclid kulikuwa na ukumbi uitwao Cleveland Arena, uliofunguliwa mwaka 1937, wenye nafasi ya watazamaji elfu kumi hivi. Humo ilicheza timu ya Cleveland Barons.

Barons walikuwa katika ligi ya American Hockey League, ambayo ni ngazi ya pili chini ya ile kuu ya NHL. Lakini usidhani walikuwa timu ya ovyo. Walitwaa Kombe la Calder, ambalo ndilo kombe la ligi hiyo, mara tisa katika historia yao. Bower alikuwepo waliponyakua la mwaka 1948, la 1951 na la 1953. Watu wa Cleveland walimpenda. Alikuwa mpole nje ya uwanja na mkali ndani yake, na hakuna aliyefanya mazoezi kumshinda.

Maisha ya ligi ya pili yalikuwa ya safari. Leo Pittsburgh, kesho Buffalo, keshokutwa Hershey, mji wa Pennsylvania unaonuka chokoleti kwa sababu ya kiwanda kilichoujenga. Ni treni na mabasi, usiku katika theluji, na asubuhi kiamsha kinywa mahali usipopajua. Mishahara haikutosha mwaka mzima. Majira ya joto yalipofika, Bower alirudi Saskatchewan, na kwa miaka mingi alikuwa na mkahawa pale ziwani Waskesiu akiwauzia watalii mikate ya hambaga. Huyo ndiye kipa bora wa ligi yake, mwanamume wa miaka thelathini, amesimama kwenye moshi wa nyama akingoja baridi irudi ili aende kazini.

Nafasi sita tu

Huenda unajiuliza: kama alikuwa hodari hivyo, mbona hakupandishwa?

Jibu ni hesabu. Kuanzia mwaka 1942 hadi 1967, ligi kuu ya NHL ilikuwa na timu sita tu: Montreal, Toronto, Boston, New York, Detroit na Chicago. Na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo kila timu ilisafiri na kipa mmoja. Akiumia, alishonwa akarudi, na wote wakamsubiri, au timu mwenyeji ikatoa kipa wa akiba. Kanuni ya kuwa na makipa wawili tayari katika kila mechi ilikuja katikati ya miaka ya sitini. Kwa hivyo katika dunia nzima kulikuwa na nafasi sita za kazi hiyo. Waliozishika hawakuwa na haraka ya kuziachia.

Juu ya hayo, mkataba ulimfunga mchezaji kwa klabu yake. Hangeweza kuamka siku moja akatafuta timu nyingine. Klabu ilikuwa na uwezo wa kumuuza, kumbadilisha na mwingine, au kumteremsha, na yeye alifungasha virago akaenda.

La ajabu ni kwamba mji wa Cleveland wenyewe ulikuwa katika foleni hiyo hiyo. Mwaka 1952 Barons waliomba kuingizwa katika ligi kuu. Waliahidiwa kwa masharti, kisha wakakataliwa kwa madai kwamba fedha zao hazitoshi. Ukumbi walikuwa nao, mashabiki walikuwa nao, makombe walikuwa nayo. Kipa na mji wake, wote wawili waliambiwa wangoje.

New York, halafu chini tena

Mwaka 1953 mlango ulifunguka. New York Rangers walimchukua Bower kutoka Cleveland. Kumpa nafasi, walimteremsha kipa wao Gump Worsley, ambaye msimu uliotangulia alikuwa amechaguliwa kuwa mchezaji bora miongoni mwa wapya. Worsley akapelekwa Vancouver, pwani ya magharibi ya Kanada, katika ligi ya chini.

Bower alicheza mechi zote 70 za msimu huo. Hakukosa hata moja. Alishinda 29 katika timu ambayo haikuwa na nguvu, na katika mechi tano hakufungwa kabisa. Mtu mwingine angesema sasa amefika.

Msimu uliofuata Rangers wakamrudisha Worsley, na Bower ndiye akapelekwa Vancouver. Walibadilishana mji, kama abiria wawili wanaopishana mlangoni mwa matatu. Kosa lake ni lipi? Ukisoma takwimu hulioni. Alikuwa amekaribia miaka 30, mwenzake alikuwa na 25.

Hapa ndipo, msomaji wangu, safari ya wengi huishia. Kupanda ni kugumu, lakini kushuka baada ya kupanda ndiko kunakovunja moyo. Ni sawa na mwalimu aliyekaimu cheo cha mkuu wa shule mwaka mzima, akafanya kazi nzuri, halafu akarudishwa darasani bila kuelezwa. Wengine huacha kazi. Wengine hubaki, lakini kazi huifanya kwa shingo upande.

Bower hakufanya lolote kati ya hayo. Baada ya Vancouver alikwenda Providence, mji mkuu wa jimbo dogo la Rhode Island karibu na bahari ya Atlantiki, kuilindia lango timu ya Providence Reds. Mwaka 1956 Reds wakatwaa Kombe la Calder, na Bower akachaguliwa mchezaji bora wa ligi nzima. Mwaka 1957 akachaguliwa tena. Kisha akarudi Cleveland, na mwaka 1958 akachaguliwa mara ya tatu mfululizo. Katika ligi hiyo ya pili alikusanya ushindi mara 359.

Alikuwa pia amejifunza jambo jipya. Kipa mkongwe Chuck Rayner alimfundisha mbinu ya kumrukia mshambulizi na kumpokonya paki kwa ncha ya gongo. Bower aliifanya kuwa yake. Mshambulizi akija mbio peke yake, kipa alijitupa kichwa mbele, uso wazi, kwenye miguu yenye visu, na gongo likifagia barafu. Watoto wa siku hizi wakiona picha zake hushika vinywa.

Toronto yabisha hodi

Mwaka 1958 Maple Leafs, waliokuwa wamemaliza wa mwisho, wakamteua kutoka Cleveland. Usifikiri alirukaruka kwa furaha. Hakuwa na hamu ya kwenda. Cleveland alikuwa anaheshimiwa, alikuwa na familia, na alijua vyema ligi kuu inavyoweza kumpandisha mtu mwaka huu na kumwangusha mwaka ujao. Mwishowe akaenda.

Yaliyofuata ndiyo yanayofanya watu wasimame juu ya lile doa jekundu. Chini ya kocha Punch Imlach, Toronto ilitoka mkiani. Mwaka 1961 Bower alishinda tuzo ya Vezina, ambayo enzi hizo ilikwenda kwa kipa wa timu iliyofungwa mabao machache kuliko zote. Mwaka 1962 walitwaa Kombe la Stanley, ambalo ndilo kubwa kupita yote, na Bower alikuwa na miaka 37. Walilirudia mwaka 1963 na 1964. Mwaka 1965 aliipata Vezina tena pamoja na mwenzake Terry Sawchuk.

Mwaka 1967 wawili hao waliongoza timu iliyojaa wakongwe hadi fainali dhidi ya Montreal. Bower alikuwa na miaka 42. Katika mechi ya pili hakufungwa. Mechi ya tatu, iliyochezwa hapo Carlton, ilikwenda muda wa ziada mara mbili, na Bower akapangua makombora 60 kabla Bob Pulford hajafunga bao la ushindi. Kabla ya mechi ya nne aliumia akipasha mwili moto, Sawchuk akaingia na kuimaliza kazi. Toronto wakatwaa kombe. Hadi mwaka 2025 walikuwa hawajalipata tena.

Mechi yake ya mwisho Bower aliicheza Desemba 1969, akiwa na miaka 45. Mwaka 1976 jina lake liliingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa mchezo huo. Ukumbi huo utauona mjini Toronto, pembeni mwa barabara za Yonge na Front, katika jengo la zamani la benki. Mbele ya uwanja wa sasa wa Maple Leafs kuna sanamu yake iliyosimamishwa mwaka 2014. Aliaga dunia tarehe 26 Desemba 2017, akiwa na miaka 93.

Waliobaki nyuma

Ni rahisi kufunga hadithi hapa na kukuambia kwamba subira huvuta heri. Lakini nitakuwa sijakutendea haki. Kwa kila Bower kulikuwa na makipa wengi waliopanda mabasi yale yale, wakala vumbi la barafu ile ile, na hawakuitwa. Les Binkley alilinda lango la Cleveland katika miaka ya sitini, na kabla ya hapo aliwahi kuwa kipa wa akiba aliyewahudumia pia wenzake majeraha. Aliingia ligi kuu mwaka 1967 tu, akiwa na miaka 33, pale ligi ilipopanuliwa kutoka timu sita hadi 12 na Pittsburgh wakapata timu. Je, kama upanuzi ungechelewa miaka mitano? Leo tusingelitaja jina lake. Wapo ambao kwao ulichelewa.

Na Cleveland? Ligi kuu iliufikia mji huo mwaka 1976, ikakaa misimu miwili, ikaondoka. Ukumbi wa barabara ya Euclid ulibomolewa mwaka 1977. Ukienda kuutafuta hutaona lango wala barafu. Lakini mchezo haukufa. Mwaka 2007 timu mpya ya ligi ya pili ilianza mjini humo, na mwaka 2016 ikatwaa Kombe la Calder, lile lile alilolibeba Bower. Maelfu ya watu walijaa ukumbini kuishangilia timu ambayo, kwa mujibu wa vitabu, ni ya daraja la chini. Wenyewe hawakuiona ni ya chini.

Hilo ndilo lililonigusa zaidi katika safari hii. Tunapenda kusema Bower alipoteza miaka 13. Lakini jioni ya Jumamosi mjini Cleveland, mfanyakazi wa kiwanda alilipa nauli na tikiti, akamleta mwanawe, wakaona kipa bora akifanya kazi yake vizuri. Kwao haikuwa mazoezi ya kwenda Toronto. Ilikuwa mechi yenyewe. Na Bower aliicheza kama mechi yenyewe, ndiyo maana Toronto walipobisha hodi walimkuta tayari.

Turudi nyumbani

Huko Toronto kote, kila kona, utaona mikahawa ya kahawa na mandazi ya duara iitwayo Tim Hortons. Jina hilo ni la mtu. Tim Horton alikuwa beki wa Maple Leafs, na katika makombe yote manne alisimama mbele ya Bower kumkinga. Alifungua mkahawa wa kwanza mjini Hamilton mwaka 1964, akafariki kwa ajali ya gari mwaka 1974.

Na sasa sikia hili. Mwaka 2005 uwanja wa barafu ulifunguliwa katika hoteli ya Panari, kando ya barabara ya Mombasa hapa Nairobi. Wakanada na Wamarekani waliokuwa wakiishi hapa walianza kucheza, na vijana wetu waliozoea viatu vya magurudumu barabarani wakajiunga nao. Wakajiita Ice Lions. Tatizo lao lilikuwa moja: hakukuwa na timu nyingine ya kucheza nayo. Walifanya mazoezi mwaka baada ya mwaka, wakigawana pande mbili wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 2018 kampuni hiyo ya Tim Hortons iliwasafirisha hadi Kanada, wakacheza mechi yao ya kwanza dhidi ya timu ya watu wengine, na nyota wawili wa ligi kuu, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, wakavaa jezi na kuwasaidia. Mwaka 2024 Kenya ikakubaliwa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la dunia la mchezo huo.

Vijana hao hawakujua kama siku hiyo ingefika. Walikwenda mazoezini tu.

Basi, mzazi, mwanao akikuambia ameachwa nje ya timu ya shule, au nduguyo akilalamika kwamba wenzake wamepandishwa cheo na yeye bado, usimwahidi kwamba kila anayesubiri hupata. Si kweli, na atagundua. Muulize swali moja: hapo ulipo, kazi unaifanyaje? Kisha msimulie habari za mtoto wa Prince Albert aliyeshona pedi zake kwa godoro kuukuu.